Fortunée na Bloku 311 Zilizoandikwa Sifuri

Saa tatu asubuhi mabati ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, yameshaanza kuchoma, na Fortunée Lwaboshi anagombana na kompyuta. Bloku hii ina miamala mingapi? 104. Inayofuata? 97. Ya tatu, jibu tupu.

"Unaona? Haiseme sifuri," anasema, akisukuma meza. "Inasema haijafika pale. Mi nilieleza huyu bwana yangu mpaka mate ikakauka."

Fortunée, miaka 31, alifundisha hesabu Bukavu. Hapa kambini anashona magauni, na tangu Machi anamfanyia kazi Madeleine Cishahayo, Mkongomani mwenzake anayeishi mtaa wa Area 49, Lilongwe, anayeandika ripoti kuhusu blokucheni, daftari la mtandaoni linalofunga miamala kwa mafungu yaitwayo bloku. Nakala ya daftari imo kwenye kompyuta iliyoko kwa Madeleine. Fortunée huiuliza kutoka kambini, bloku moja moja, kwa kwacha 90,000 kwa mwezi. Cherehani haijawahi kumpa nusu yake.

Kero ni umeme wa kule. Ukikatika, kompyuta inalala, na ikiamka inakuta bloku mpya zimeshaipita; mpaka izifikie, jibu ni tupu.

Wiki iliyopita malaria ilimlaza, akamwachia kazi mumewe, Bienvenu, katibu wa kwaya. Kwenye daftari la kwaya, asiyeitika jina anawekewa sifuri. Basi naye, kila bloku isiyojibu, sifuri! Zikafika 311, akazituma bila hata kuuliza.

"Asiyeitika hayuko," Bienvenu anajitetea. "Njo vile tunafanyaka."

Ana bahati mkewe ameokoka.

Madeleine alipiga simu amewaka. "Mtandao wote ulilala? Mi nitaambia batu nini? Urekebishe mpaka Ijumaa saa sita, ama kazi napatia mama mwingine kule Likuni."

Leo ndiyo Ijumaa. Kufika saa tano na nusu, bloku zote 311 zimeulizwa upya na zote zimejibu. Tatu kati ya hizo zimejibu sifuri. Fortunée anarudia mara tano, jibu ni lile lile.

"Weka hata mbili mbili, mama Divin," Bienvenu anamshauri. "Nani atajua?"

"Mi nitajua. Umenichosha, baba Divin."

Anatuma zilivyo. Baada ya dakika kumi simu inalia.

"Fortunée, bado naona sifuri."

"Hizo tatu zilijibu, da Madeleine. Ndani hamna kitu. Uliza mwenyewe, mashine iko kwako."

Vidole vinasikika vikigonga vitufe upande wa pili, muda mrefu.

"Ni kweli," Madeleine anasema hatimaye. "Jumatatu tuendelee."

Fortunée anaketi, anafuta macho kwa kitenge. Mwezi ujao anataka kuomba chumba cha kanisa awafundishe washonaji kumi kazi hii, na somo la kwanza analo tayari: usichojua, acha nafasi wazi.

"Nimeshaandika jina la mwanafunzi wa kwanza," anasema, bila kumtazama mumewe. "Bienvenu."