Nilivyoacha kunengua nikawa mwalimu wa Pilates Tunduma, na mama aliyenyanyuka kwenye mkeka akaondoka

Wakuu, amani kwenu.

Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta mara mbili. Wa kusema ni chai aseme, lakini nasimulia nilichokifanya mwenyewe, na sehemu nyingine mpaka leo sizielewi.

Halafu mimi ni mwanamke. Nasema mapema msije mkashtuka mbele ya safari.

Iko hivi. Nilinengua kwenye bendi miaka tisa. Nimehesabu tena, ni tisa. Bendi ikafa, goti la kushoto likaanza kulia kama bawaba, nikahamia Tunduma kuuza viatu vya mtumba. Enzi hizo Tunduma bado iko mkoa wa Mbeya.

Upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kulikuwa na mama wa Kizambia, tumwite Bi Chanda. Alisomea Pilates Afrika Kusini, akafungua chumba chenye vioo nyuma ya duka la vipodozi. Siku moja akaja kibandani kwangu kutafuta raba, akaniona ninavyochuchumaa na kuinuka bila kushika kitu.

"Mayo," yaani mama kwa kwao, "wewe ulikuwa dansa?"

Tukapatana. Anifundishe, mimi nimsafishie studio. Alitaka nisafishe mwaka, nikasema miezi minne, tukakutana saba.

Kwa wasiojua, Pilates ni mazoezi ya kulala kwenye mkeka, unakaza tumbo, unapumua, unanyanyua mguu polepole mpaka unatetemeka. Hakuna muziki. Hakuna wa kukutunza hela. Unalala chali kama mgonjwa, halafu kesho yake ndio unaumwa kweli.

Nilichanganyikiwa, wakuu. Kwenye kunengua unamwaga kila kitu nje ili hata aliyekaa nyuma kabisa akuone. Huku Bi Chanda ananigonga kidole kiunoni, "Panono, panono," yaani kidogo kidogo. Nikitulia anasema sijatulia. Nikitabasamu anauliza nacheka nini. Sasa stejini hata ukiteguka unatabasamu, ndio kazi yenyewe!

Miezi saba ilipoisha akaniambia nifungue class yangu Tunduma. Nikiiendesha miezi mitatu bila kumuumiza mtu, ananipa cheti.

Hicho cheti nilikitaka vibaya mno. Nina goti bovu, na kazi pekee ninayoijua ni ya mwili.

Nikapata wanafunzi sita, wote akina mama wa sokoni. Hawa watu wanapatana kila kitu. Nasema "kumi", mtu amelala chali pale pale anajibu:

"Kumi ya wapi, dada? Fanya nne."

"Nane."

"Tano, na ya mwisho nusu."

Bi Chanda alinifundisha kila zoezi ni mara sita tu, zilizonyooka. Lakini mimi na kupatana tena? Nikawa nataja ishirini ili nipate kumi. Class ikachangamka, nikajiona mwalimu.

Kati ya hao sita alikuwepo Mama Neema, Mnyiha wa kule Mbozi, muuza mahindi. Mpole. Mgongo ulikuwa unamsumbua, ndio maana akaja.

Siku hiyo tulikuwa tunainua miguu yote miwili na kuishusha taratibu. Nikataja kumi na mbili. Alipofika sita akasema, "Mwalimu, imetosha."

Nikasema, "Haya, kumi."

Akanyanyuka, akachukua kanga yake, akaelekea mlangoni.

Wakuu, mteja akiondoka sokoni unafanyaje? Si unamwita? Anaondoka ili aitwe. Nikaita, "Mama, rudi basi! Nne tu tumalize!" Na wenzake nao, "Mama Neema, umeshinda, rudi!"

Akarudi. Akafanya nne. Nilihesabu vizuri kabisa.

Kesho yake binti yake, Neema, akasimama mbele ya viatu vyangu bila hata salamu.

"Mama ameshindwa kuamka. Anasema alikwambia imetosha."

Nikafunga kibanda nikamfuata. Mama Neema alikuwa amelala ubavu. Nikamuuliza kwa nini alirudi kama alikuwa anaumia. Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

"Si uliniita? Nikajua mwalimu ndiye anayejua."

Nikampeleka kupimwa.

Hospitali wakasema ni misuli, apumzike. Nikavuka Nakonde kumweleza Bi Chanda, nikijua cheti ndio basi tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Ulikuwa unamwangalia mgongo, au ulikuwa unahesabu?"

Nilikuwa nahesabu.

"Basi miezi mitatu inaanza leo," akasema. "Upya."

Kuanzia hapo nikawa nataja sita, na mtu akisema imetosha, imetosha. Class ikapoa kama uji wa jana. Wawili wakaacha kuja, wakasema sina raha siku hizi.

Baada ya wiki tatu Mama Neema akarudi mwenyewe. Akalala, akafanya tatu nzuri, mgongo umetulia kwenye mkeka, naona kwa macho yangu. Ya nne hakufanya. Akanyanyuka, akachukua kanga, akaelekea mlangoni.

Nikauma ulimi. Wenzake wakanitazama mimi.

Akafika mlangoni, akasimama ametupa mgongo. Akakaa hivyo. Halafu akageuka amekasirika kweli:

"Mbona huniiti?"

Watu wakacheka mpaka mtu akabingirika nje ya mkeka. Nikamuuliza mgongo unasemaje. Akasema mgongo mzima, ni uvivu tu. Akarudi, nikaweka kiganja chini ya kiuno chake, tukafanya tatu zilizobaki. Sikuzihesabu kwa sauti.

Cheti nilikuja kupata. Nilichojifunza ni kwamba mwalimu ukiita, mtu anarudi hata kama anaumia, kwa hiyo angalia mgongo kabla hujafungua mdomo.

Ila bado nina tatizo. Anayeumia na mvivu wakishafika mlangoni, kwa nyuma wanafanana. Walimu wa gym mliomo humu, nyie mnajuaje? Semeni taratibu, kila comment naisoma mara mbili.