Ramadhani Moja Ndani ya Gari la Mtu

Binti yangu ana mtindo wake. Kila mwezi ukiisha anakaa na simu, anawaandikia marafiki zake alichosoma, alichotazama na alichosikiliza, na kila kimoja anakitolea hukumu kama kadhi. Juzi akanigeukia. "Mama, na we? Mwezi wako muzuri ulikuwa upi?" Nikamwambia mwezi wangu mzuri ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wa vita. Nilisoma kitabu kimoja nisikimalize, nikatazama filamu moja isiyo na nyimbo, nikasikiliza redio ya mtu nisiyemjua. Akacheka, akadhani natania. Basi acha niyaandike, maana yeye mwenyewe alikuwemo, tumboni.

Ilikuwa Ramadhani, miaka ya embargo. Majirani wametufungia mipaka bidhaa zisiingie, mafuta ya gari yanauzwa kwa chupa, na huko milimani bunduki zinalia karibu kila jioni. Sisi tulikaa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini, ziwa moja na Kigoma. Mume wangu alikuwa fundi magari, na garaji lake lilikuwa ua wetu wenyewe. Ukitoka jikoni unakanyaga spana. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo ndiyo limeanza kuonekana. Hata mwezi haujaandama, yeye alikuwa ameshakata shauri.

"Sikukuu ikipita, unaenda Kigoma kwa shangazi yako. Utazalia kule."

"Na we?"

"Mi nabaki na kazi."

Kazi gani, jamani! Ua mzima ulikuwa na gari moja. Lilikuwa la bwana mmoja wa Kiriri, kwa matajiri, alilileta pampu ya maji inavuja, na muda si muda tukasikia amekimbilia Ulaya na familia yake. Mafundi wenzake walimwambia mume wangu ang'oe vipuri auze, maana kipuri wakati ule kilikuwa dhahabu. Hakutaka hata kusikia. "Gari la mutu ni amana," akasema. "Funguo alinipa mukononi." Kwa hiyo gari la mtu lipate mlinzi, mimi nivushwe ziwa peke yangu. Nilinuna, na mimi nikinuna hata sufuria zinajua.

Saumu sikufunga. Mjamzito ana ruhusa, na mume wangu alisimama kidete kwamba nile. Lakini utakulaje mchana wa Ramadhani, Buyenzi, katika ua ambao kila mtu anapita akitafuta bolti? Nilikuwa namenya ndizi nyuma ya pipa la maji kama mwizi. Siku moja nikamwona anatundika kanga zangu kwenye vioo vya lile gari, kwa ndani. Akafungua mlango wa nyuma.

"Ingia. Ukule ukiwa umekaa."

Akarudi kwenye spana zake. Nilikula ndizi yangu nikilia, na bado nilikuwa nimenuna.

Gari lenyewe lilikuwa juu ya matofali, halina hata gurudumu moja, maana magurudumu alikuwa ameyaficha chini ya kitanda chetu yasiibwe. Lakini viti vyake, wee! Nyumbani kwetu hatukuwa na kiti laini kama kile. Siku ya pili ndizi ilinianguka, nikapapasa chini ya kiti cha mbele kuitafuta, nikaokota kitabu cha Kifaransa. Mimi shule nilikuwa nimesoma mpaka nilipoolewa, na Kifaransa changu kilikuwa kizuri, kimekosa kazi tu. Nikafungua. Alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa bado nasoma.

Mume wangu aliposwali alikuja akakaa kiti cha dereva, mikono kwenye usukani kama mtu anayekwenda mahali. Ile saa kati ya Alasiri na Magharibi ndiyo ndefu kuliko zote kwa mtu mwenye njaa. "Kinasema nini?" akaniuliza. Yeye alisoma madrasa tu, Kifaransa alijua cha vipuri. Basi nikaanza kumgeuzia kwa Kiswahili chetu, ukurasa kwa ukurasa, na kuanzia siku ile ikawa ndiyo desturi.

Kilikuwa kisa cha mwanamke mwenye hoteli ndogo juu mlimani, katika nchi ya theluji. Mumewe ameshuka bondeni kutafuta unga, theluji ikaanguka ikafunga njia, na yeye yuko peke yake anasubiri.

"Theluji ni ile ya mu friji?"

"Ile ile. Lakini inafika dirishani."

"Sasa huyo bwana alitoka bila kuangalia mbingu? Ni mujinga."

"Si mujinga. Unga ulikwisha."

"Angemupeleka bibi kwa shangazi yake kwanza," akasema, na mimi nikamrushia ganda la ndizi kisogoni.

Nikichoka kusoma tunafungua redio ya gari. Betri za redio ya nyumbani zilikuwa zimekufa zamani, hata kuzianika juani hakukusaidia tena, lakini betri ya gari aliichaji kila umeme ulipopatikana. Nilitaka muziki. Yeye alizungusha kifundo taratibu, akavuka matangazo ya vifo, akavuka habari za mazungumzo ya amani yasiyokwisha, mpaka ng'ambo ya ziwa, kwenye kipindi cha salamu cha Watanzania. Fulani wa Kigoma anamsalimu shemeji yake, na ujumbe wake ni usipoziba ufa. Fulani wa Ujiji anawasalimu wote wanaomfahamu. Nilidhani anapenda tu zile sauti. Siku moja nikamwambia tuhame hapo, salamu za watu zinatuhusu nini?

"Sikia," akanijibu. "Wanasalimiana tu. Hakuna hata mumoja anayetafuta mutu wake."

Ndipo nikaelewa kwamba mwezi mzima alikuwa anaichunguza Kigoma kwa sikio, kama anavyosikiliza injini, kuona kama ni mahali pa kunipeleka. Hasira zilinipungua kidogo. Sikumwonyesha.

Na kutazama? Kutazama ilikuwa kwa mama wa dukani, mwanamke wa familia ya Kiarabu iliyouza vitambaa barabara ya nyuma yetu tangu enzi za babu zao. Alikuwa na televisheni na video, na wanawake tulikusanyika kwake asubuhi, kabla ya shughuli za jikoni. Kanda za Kihindi mpya haziingii, kwa hiyo tulitazama ile ile moja, ya msichana anayeolewa mbali na kwao. Sasa yule mama alikuwa na sheria yake ya Ramadhani: kilio ruhusa, nyimbo marufuku. Wimbo ukianza tu anaishika rimoti, anaupitisha mbio, na sisi tunawaona wachezaji wakikimbia kama siafu waliomwagiwa maji. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

"Vumilieni wanangu," alikuwa anasema. "Sikukuu ya pili mje, tutaweka nyimbo zote."

Sikukuu ya pili ndiyo siku ya boti langu la kwenda Kigoma. Nilitazama filamu ile mara sijui ngapi bila kusikia hata wimbo mmoja, na kila alipoahidi nilitazama ukutani.

Mwezi ukawa umebaki ncha. Kwenye kitabu theluji ilikuwa inaanza kuyeyuka, kuni za yule mwanamke zimekwisha, anachoma viti vya hoteli. Siku ile niliacha jioni mahali ambapo amewasha taa yake ya mwisho. Kesho yake nikaingia garini na ndizi zangu, nikasoma. Yule mwanamke akasikia mlango unagongwa. Akaiweka taa mezani, akasimama, akauliza ni nani. Nikafunua ukurasa.

Hakukuwa na ukurasa. Hakukuwa na kurasa zozote, wala gamba la nyuma.

Nilitoka ndani ya gari kama nyuki. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye boneti la gari hilo hilo. "Nani amechana kitabu changu?"

"Mi," akasema bila wasiwasi. "Nilikosa joint ya pampu." Joint ni ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma maji yasivuje, na madukani haikuwepo. Alikuwa amelikata gamba kwa mkasi, akalijazia unene kwa kurasa alizozibandika na grisi, akafunga bolti. "Usiogope, nilichukua kule ulipokwisha kupita."

"Kupita wapi! Umechana mwisho!"

Akajifuta mikono, akakipokea kitabu, na mikono yake ikanionyesha kila kitu. Alikishika kama msahafu, mgongo wa kitabu kuliani, akafungua upande ambao kwake ndio mwanzo wa vitabu vyote. Alitazama zile nyuzi zilizobaki. Akatazama injini. Uso ulimbadilika.

"Sasa," akasema pole pole, "ni nani amepiga hodi?"

Nilitaka kumpiga na spana, wallahi. Badala yake kicheko kilinitoka, nikashika tumbo, nikakaa chini kwenye mafuta. Na yeye hakucheka hata kidogo. Alikuwa anataka kujua kweli. Akauliza kama haiwezekani kuifungua pampu tena, nikamwambia grisi imeshakunywa maneno yote. "Bon," akasema, "malizia mwenyewe. We umesoma."

"Apana. Nikibaki hapa, nitakumalizia. Ukinipeleka, utakaa hivyo hivyo."

Niliona nimempata. Kila jioni alikuja kiti cha dereva akauliza, na kila jioni nikafunga mdomo, nikamenya ndizi. Jioni ya mwisho tulikuwa garini, redio iko wazi tukisubiri habari za mwezi kuandama, na milimani bunduki zimeanza mapema. Mlio mmoja ukawa karibu, vioo vikatetemeka nyuma ya kanga. Nilimwona mikono yake kwenye usukani. Iliukamata hata baada ya vioo kutulia.

"Naogopa," akasema. Tangu anioe sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Mchana nashika bolti, nafikiri juu yako, bolti inaanguka. Sipendi uende. Nikilala peke yangu humu ndani sijui nitalalaje. Lakini ukiwa kule, mi nitaogopa kidogo. Nionee huruma, bibi yangu. Nenda."

Nilikuwa nimejipanga kwa ugomvi, na ugomvi sikuupata. Nikapeleka mkono mbele nikamshika shingo, mahali nilipompiga na ganda la ndizi. Nikamwambia nitakwenda. Redio ikatangaza mwezi umeonekana, na mitaa ikaanza kupiga takbiri.

Asubuhi ya Idi nilikwenda kumuaga mama wa dukani. Akanishika mikono yote miwili, akanivumia ule wimbo wa bibi harusi kuondoka kwao, kwa pua tu, bila maneno, mlangoni pake, na marashi yake ya sikukuu. Ndio wimbo pekee wa filamu ile niliowahi kuusikia.

Kesho yake mume wangu alinifikisha bandarini. Alibeba mfuko wangu mpaka mahali askari walipomzuia. Hapo akasimama, akazungusha kofia mikononi.

"Niambie basi. Nani amepiga hodi?"

"Sikuambii," nikasema. "Utakuja uniulize."

Nilizalia Kigoma, kwa shangazi. Simu hakuna, barua zilikuwa zinapotea. Nikanunua kadi ya salamu, nikaipeleka kwenye kile kipindi chake. Siku waliyoisoma nilikuwa nimekaa na redio ya shangazi mapajani: mama mmoja wa Kigoma anamsalimu fundi wa Buyenzi, na ujumbe wake ni mtoto ni wa kike, na mlango haujafunguliwa. Mtangazaji alicheka kidogo, akaendelea na kadi nyingine. Sikujua kama huko ng'ambo kuna mtu amesikia.

Alisikia. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, kanga bado zimetundikwa. Aliniambia baadaye kwamba alilia mpaka akalaza kichwa kwenye usukani na honi ikalia, majirani wakaja mbio. Lakini gari lilikuwa bado la mtu. Masika yalipita, kiangazi kikaingia, ndipo ndugu wa yule bwana wa Kiriri alipokuja na karatasi zake kulichukua. Mume wangu akalirudishia magurudumu, akamkabidhi funguo mkononi, gari likawaka mara moja, na pampu haikudondosha hata tone. Likaondoka na redio yake, na mwisho wa kitabu chetu ndani ya injini.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa uani kwa shangazi, namwogesha mtoto kwenye beseni, nikasikia hodi mlango wa mbele. Kwetu mtu akipiga hodi humuulizi ni nani, unasema karibu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini ile sauti niliijua. Nikamfunga mtoto kwenye kanga, maji yanachuruzika, nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama nyuma ya mbao kama yule mwanamke wa theluji.

"Nani?" nikauliza.

Nilisikia anavuta pumzi, nikasikia harufu ya grisi.

"Kitabu unacho we," akasema. "Niambie we, ni nani amepiga hodi."