Mpishi Asiyeonja Viazi vya Mfungo

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kilo sita za viazi zimeshamenywa. Mpishi anavikata vipande vidogo vya mraba huku macho yake yakiwa dirishani, kwa sababu kisu kinaijua kazi yake na kidole gumba kinakijua kisu. Kila akijaza bakuli, anavimimina kwenye ndoo ya maji baridi visije vikawa vyeusi.

Jiko hili ni dogo, la ghorofa ya tatu, lenye madumu mawili ya maji na jiko la gesi la mafiga matatu. Kwenye rafu zimebaki chupa chache tu. Vyombo vingine vimefungwa kwenye maboksi yaliyopangwa ukumbini, kwa sababu mpangaji wa nyumba hii anahama.

Mpangaji ni bibi wa miaka sabini na minane, Mhindu, mjane. Mpishi humwita Mama. Mwanawe wa kiume anamchukua wakaishi pamoja, mbali na hapa, na mwisho wa mwezi nyumba inarudi kwa mwenyewe. Kazi ya mpishi inaishia hapo hapo.

Lakini leo Bibi amealika wanawake ishirini na sita anaosali nao. Amewaambia waje wale chakula cha mfungo kwa mkono wa mpishi wake. Wakimkubali, atapata nyumba za kupikia. Wasipomkubali, anarudi kubeba mizigo, naye ana miaka hamsini na minne na goti moja limeshaanza kumgomea.

"Watu wa mfungo hawali kwa mtu hivi hivi tu," anasema, akifuta kisu. "Unaweza kupika vizuri kuliko wote na wasile. Wanaangalia mkono, wanaangalia na mtu."

Zamani aliitwa Ulimi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo, akilisha watu mia nne kila siku. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kijiko kimoja kilimtosha. Angeonja maharage, akafumba jicho moja, akasema, "Chumvi bado robo kijiko, na aliyekaanga kitunguu alikuwa anaongea na simu." Na kweli ingekuwa hivyo.

Kiwanda kilipofungwa, Ulimi alikaa miezi kumi na moja bila kazi. Alibeba viroba sokoni, akapata theluthi moja ya mshahara wake wa zamani wiki ikiwa nzuri. Nyumbani, yeye, mkewe ambaye ni mshonaji, na watoto wanne walikula mara moja kwa siku. Mkewe alikuwa akipitisha jioni kwa kuwapa watoto hadithi na maji ya moto yenye sukari.

Ndipo muuza viazi mmoja akamwambia kuna bibi wa ghorofani mikono yake inatetemeka, hawezi tena kumenya, anatafuta mpishi.

Mara mbili kwa mwezi, siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame na siku ya kumi na moja tangu uanze kupungua, Bibi hufunga. Siku hiyo hagusi nafaka wala kunde. Vitunguu na vitunguu saumu haviingii jikoni kabisa. Katika nyumba hii hata manjano hayatumiki, ndiyo maana viazi hubaki vyeupe. Chumvi ya kawaida nayo inakaa pembeni. Inatumika chumvi ya mawe, yenye rangi kama ya ufizi wa mtoto.

Kinachobaki ni kidogo, nacho kinatosha. Samli inapata moto, mbegu za bizari nyembamba zinarushwa ndani zipasuke, tangawizi na pilipili mbichi zinafuata, halafu viazi. Vikiiva, zinaingia karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, ndimu, na majani ya giligilani. Dakika arobaini, umemaliza.

"Mtoto wa darasa la nne anaweza," anasema mpishi. "Ugumu uko mahali pamoja tu. Huruhusiwi kuonja."

Chakula cha siku hiyo hutangulizwa kwenye meza ya ibada kabla ya mtu yeyote kukigusa kwa kinywa, mpishi akiwemo. Kikishatoka hapo hakirudi jikoni kurekebishwa. Kinagawiwa kama kilivyo.

Siku yake ya kwanza, Ulimi aliambiwa hayo yote, akaitikia yote, na alipofunua sufuria akachota kiazi, akapuliza, akala. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilijua nimefukuzwa," anakumbuka. "Nikaanza kuvua aproni."

Bibi hakupandisha sauti. Alichukua sufuria nyingine kabatini, akaiweka mezani, akasema, "Tuanze upya. Hiki ulichokionja ni chenu sasa. Utakwenda nacho kwa watoto."

Jioni ile watoto wanne walikula viazi vya samli na karanga mpaka wakalala vinywa wazi. Mke alisafisha sufuria kwa kidole, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, huko kazini kwenu, kesho onja tena."

Anacheka akisimulia. "Mwingine angekimwaga mbele yangu nipate adabu. Mama alinipa adabu na chakula kwa pamoja. Ile siku siisahau, na sitaki kuisahau."

Ni miaka miwili sasa, na hajaonja tena. Mikono yake ameipa taratibu mpya. Kila kitu anakipima kabla ya kuwasha moto: chumvi kwenye kibakuli chake, karanga kwenye chake, ndimu kwenye chake. Anapopika, anahesabu vibakuli. Kibakuli kikiwa kitupu, kitu kimeshaingia.

Leo, karai kubwa liko motoni kufikia saa nne na nusu. Bizari imepasuka, harufu imefika mpaka ngazini. Viazi vimeingia vyote, vimegeuzwa, vimefunikwa. Mkwe wa Bibi, aliyekuja kufunga mizigo, anaingia na kutoka na gundi ya maboksi mkononi. Ni mwanamke wa mbiombio, hapendi kuona chombo kichafu kimekaa.

Simu inalia. Ni mke.

"Baba watoto, ufunguo wa kabati umeuweka wapi?"

"Kabati lipi tena saa hizi, mama watoto?"

"Kabati tuna mangapi? Mteja amekaa hapa anangoja gauni lake, gauni liko ndani, na ufunguo unao wewe!"

Anajipapasa. Ufunguo uko mfukoni mwa suruali yake. Anaomba radhi, anatoka mpaka ngazini, anamwita kijana wa bodaboda wa jirani, anampa ufunguo, anamwelekeza njia mara mbili. Anarudi jikoni, ananawa mikono mpaka viwikoni, anafunua karai, anageuza viazi. Anageuka kutazama vibakuli vyake.

Havipo.

Vimeoshwa, vimefutwa, vimepangwa vizuri, kimoja juu ya kingine.

"Dada," anamwita mkwe, sauti ikiwa chini. "Hiki cha chumvi, ulipokichukua kilikuwa na kitu?"

"Sikuangalia, kaka. Vilikuwa vitano karibu na sinki, nikavimwagia maji vyote. Kwani vipi?"

Karanga alikuwa bado hajazitia, lakini leo hakuwa amezihamishia kibakulini, bado zimo kwenye kinu, zimesalimika. Ndimu zipo, atakamua nyingine. Chumvi ndiyo hajui. Anarudisha mawazo nyuma: samli, bizari, tangawizi, pilipili, viazi, simu. Chumvi aliitia kabla ya simu, au alikuwa amenyoosha mkono kuichukua, simu ikalia? Kila akivuta kumbukumbu inakuja mikono yake ya siku nyingine, ikitia chumvi ya siku nyingine.

Anainamisha sikio karibu na karai. Kiazi chenye chumvi hutoa maji, na mlio wa mafuta hubadilika. Lakini kilo sita zikifunikwa hutoa maji hata bila chumvi. Ananusa. Chumvi haina harufu.

Akitia tena na kumbe ilishaingia, wageni hawataweza kumeza. Asipotia na kumbe haikuingia, watakula viazi vya mgonjwa. Viazi vingine hakuna, na saa sita wageni watakuwa mlangoni.

Mkwe amerudi kwenye maboksi yake. Bibi yuko chumbani anavaa. Mpishi yuko peke yake, mwiko mkononi, na juu ya mwiko kimelala kipande kimoja cha kiazi kisichozidi ukucha.

"Nikuambie ukweli? Mate yalinijaa," anasema. "Si kwa njaa. Ulimi ulikuwa unaniambia, nipe nusu dakika nikutoe kwenye aibu. Nani angejua? Halafu nikajiuliza, wale ishirini na sita wameitwa kula kwa mtu wa namna gani? Kama naonja, basi Mama amewadanganya na yeye hajui."

Anakirudisha kiazi kwenye karai. Anapunguza moto. Anakwenda kubisha mlango wa chumba.

"Mama, nimeharibu."

"Kimeungua?"

"Hapana. Sijui kama nimetia chumvi."

Bibi anatoka, sari yake nyeupe ikiwa haijakaa vizuri begani. Anamtazama usoni, tena kwa muda mrefu.

"Na hukuonja?"

"Sikuonja, Mama."

Bibi anakaa juu ya boksi lililo karibu, na mabega yake yanaanza kutikisika. Mpishi anadhani analia. Anacheka.

"Basi usitie kitu," anasema, akifuta macho. "Mungu mwenyewe miaka yote hii sijamsikia akilalamikia chumvi. Wekea wageni chumvi ya mawe kwenye visahani. Kila mtu na mdomo wake."

Saa sita na dakika ishirini, wanawake ishirini na sita wamekaa kwenye mikeka, kwa sababu makochi yameshaondoka. Kuna mtindi, ndizi mbivu, vimikate vyembamba vya unga wa mbegu za mchicha, na katikati viazi vyeupe vilivyonyunyiziwa giligilani. Sehemu ya kwanza imeshatangulizwa kwenye meza ya ibada. Mpishi amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, mgongo ukiwa umegusa ukuta.

Kuna mama mmoja wa miwani, mwenye duka la vitambaa, ambaye tangu amefika hajaficha shaka yake.

"Mimi nauliza tu," anasema, akivunja kimkate. "Mwanamume, tena mpishi wa kantini, anajizuiaje kuonja? Mimi mwenyewe kwangu najifunga leso mdomoni."

"Kula kwanza," Bibi anamjibu.

Anakula. Anatafuna polepole, anakunja uso.

"Hakina chumvi!"

Mikono inasimama hewani. Mwingine anaonja, anaitikia kwa kichwa. Mwingine naye. Nyuma ya mlango, mpishi anafumba macho.

"Hata chembe," anarudia mama wa miwani. "Ndiye huyo fundi uliyetuitia?"

"Ndiye huyo," anasema Bibi, akivuta kisahani cha chumvi karibu naye. "Sasa na mimi nikuulize. Umewahi kuona mpishi ameonja chakula akakileta hakina chumvi?"

Mmoja anaguna, mwingine anapiga paja, na kicheko kinazunguka mikeka yote. Bibi anawasimulia kibakuli kilichooshwa, simu, na mtu aliyebaki peke yake na karai. Mkwe anainua mkono, anakiri kosa lake mbele ya watu. Visahani vya chumvi vinapita kutoka mkono hadi mkono. Wanakula mpaka karai linakwanguliwa.

Mama wa miwani ndiye wa mwisho kunyanyuka. Anakwenda hadi mlango wa jikoni.

"Wewe, fundi. Mfungo ujao nina watu kumi na wawili. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Na chumvi nitaiweka mimi mezani, usihangaike."

Kabla ya saa tisa, wengine watatu wamechukua namba yake ya simu. Wote wanataka kuletewa, hakuna anayetaka kutoa jiko lake. Kwa hiyo mpishi anahitaji jiko ambalo kitunguu hakijawahi kukanyaga, na nyumbani kwake vyumba ni viwili.

Jioni anasimama na mkewe kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akipima ukuta kwa hatua. Humo ndimo mnamokaa cherehani na vitambaa vya wateja.

"Cherehani inakuja mbele," anasema. "Ukuta tunaupiga chokaa. Hapa jiko, hapa meza, na mlango wake peke yake."

"Na vitunguu vyangu?"

"Uani, mama watoto. Vitunguu vyako vyote uani."

"Mvua ikinyesha?"

"Nitajenga kibanda."

Mke anakunja mikono. "Utajenga lini, na wewe kila kitu unasema nitajenga?"

Hapo ndipo anapomweleza jambo alilolihifadhi tangu mchana. Bibi anasafiri siku ya mfungo ujao. Jiko lake wakati huo litakuwa limeshafungwa, na safari ni ya kutwa nzima. Kwa miaka hamsini hajawahi kula chakula cha mfungo kilichopikwa nje ya nyumba yake. Wageni walipoondoka alimwita mpishi, akamwambia, "Nifungie cha njiani. Kipike kwako."

Mke anatazama ukuta, anatazama dari lenye masizi, anahesabu kwa vidole.

"Siku kumi na nne," anasema.

"Kumi na nne."

"Basi shika upande huo," anasema mke, akiinama kuinyanyua cherehani. "Polepole, goti lako."