Mama anayefuga kambare ili perege wanenepe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke aliyevaa suruali kuukuu ya mumewe anaingia bwawani hadi kiunoni, akivuta ncha moja ya wavu. Ncha ya pili imeshikwa na wifi yake, ng'ambo ya bwawa.

"Taratibu, wifi. Wavu usinyanyuke chini, wakituponyoka leo tumekwisha."

"Wakituponyoka nitasema umezeeka," anajibu wifi, ambaye ulimi wake hauna likizo.

Huyo anayeambiwa amezeeka ana miaka arobaini na saba, na mtaa mzima unamwita Mama Kambare. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli, na kisa chake si cha kuchekesha.

Mabwawa haya manne yalikuwa mashimo ya udongo wa matofali. Kiwanda kilipokufa, mvua ikayajaza, na mwenye eneo, mwalimu mstaafu, akaamua kufuga perege. Alimwajiri mama huyu miaka sita iliyopita. Mshahara si wa kujivunia, lakini ndio unaolisha nyumba tangu mgongo wa mumewe ulipoharibika.

Leo ajira hiyo imewekwa juu ya mizani. Mwalimu ametamka wazi: perege ishirini watavuliwa na kupimwa. Wastani wao usipofika robo kilo, bwawa hili la tatu linafukiwa ili pajengwe maghala, na Mama Kambare atafute kazi kwingine.

Tatizo la perege, anaeleza huku akisogea hatua kwa hatua kwenye tope, ni kwamba hawajui kupumzika. Wanazaa, na kabla hujageuka wamezaa tena. Watoto wanagombea chakula na wazazi wao, na bwawa zima linadumaa.

"Unaweza kuwa na samaki elfu tano, na hakuna hata mmoja wa kumshibisha paka," anasema.

Dawa yake ni kambare. Huyu hula vitoto vya perege, na wale wakubwa wanapata nafasi ya kunenepa. Lakini kambare ni adui unayemkaribisha mwenyewe nyumbani. Akiwa mkubwa kuliko wenyeji wake, humsikii tena mwenyeji.

Hapo ndipo alipoangukia mwaka jana. Aliwaweka perege na kambare siku moja, wote wakiwa vifaranga wa urefu mmoja, akidhani amewatendea haki. Kambare wakakua mbio. Walipokaribia kuwamaliza perege, wakageukiana wao kwa wao.

"Tulipoyatoa maji nilikuta perege sitini na mmoja kati ya elfu mbili," anasema. "Na kambare saba, wanene hivi." Anaonyesha mkono wake hadi kwenye kiwiko. "Nililia mbele ya watu. Sikuona haya."

Mwaka huu alibadili utaratibu. Perege waliishi peke yao hadi wakafika upana wa kiganja. Ndipo akaingiza kambare mia moja, kila mmoja asiyezidi kidole chake cha kati. Kila Ijumaa anawavua kidogo kidogo na kuwapima kwa mkono uleule. Kambare aliyewaacha wenzake kwa ukubwa anahamishiwa kwenye beseni.

Ana pia msaidizi asiyelipwa. Ni mdiria, ndege mwenye mdomo mrefu anayejirusha majini kuwinda visamaki. Mwalimu alitaka afukuzwe kwa manati. Mama Kambare alikataa katakata.

"Yule ananipa habari," anasema. "Akipiga mbizi mara mbili tatu kwa asubuhi, mambo ni shwari. Akianza kupiga kumi, najua vitoto vimejaa juu ya maji na kambare wangu wamezidiwa. Naongeza wengine wadogo. Sasa nimfukuze, halafu nani aniambie?"

Kenge ndiye asiye na msamaha naye. Huyo hutambaa ukingoni akala mkubwa na mdogo bila kuchagua, na mama huyu humtimua kwa fagio na maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Wavu umefika ukingoni. Perege wanarukaruka, maji yanawalowesha wote wawili. Mwalimu amekwisha fika, miwani puani, daftari mkononi. Hataki kusomewa mizani, anaisoma mwenyewe.

Wa kwanza gramu mia tatu na kumi. Wa pili mia mbili na themanini. Wa tatu mia moja na sabini, na Mwalimu anamnyanyua juu.

"Mama, na huyu je? Si mwenzao huyu? Chakula kimoja, maji mamoja."

"Huyo ni jike, Mwalimu. Akiatamia mayai mdomoni hali kitu, na madume huku yanajaza matumbo. Kwani darasani kwako wote walikuwa wa kwanza?"

Wifi anageuka pembeni kuficha kicheko. Mwalimu hafichi cha kwake.

Samaki waliobaki wanapita mmoja mmoja, na mama amekunja mikono kifuani. Anakiri baadaye kwamba alishindwa kufuatilia hesabu kuanzia samaki wa nane.

Mwalimu anajumlisha, anagawa, anarudia kugawa. Wastani ni gramu mia mbili hamsini na nne.

"Bwawa linabaki," anasema, na kufunga daftari. "Na wewe unabaki."

Ungetegemea mama huyu ashukuru na kwenda kubadili nguo zilizolowa. Wapi! Anabaki palepale kwenye tope na kuelekeza kidole kwenye bwawa la nne, ambalo halijawahi kutoa samaki wa maana tangu lijae maji.

"Mwaka jana nilikuja kwako kuomba msamaha, Mwalimu. Leo naomba lile."

Mwalimu anaitazama mizani, kisha anamtazama yeye. Anafungua tena daftari.

"Litataka kambare wangapi?"

"Themanini. Na asiingie hata mmoja ambaye sijampima mimi."