Hesi Zilizokufa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya barabara pale Njombe, enzi za Waingereza, Fundi Mkuu hakunipa spana. Baada ya kunisalimu "kamwene" aliniuliza kama najua hesi ni nini. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni nikijiona mjuzi, nikajibu kuwa ni duara. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Duara linarudi lilikoanza, mwanangu," alisema, huku akizungushia uzi kwenye mpini wa nyundo. "Hesi inazunguka huku inapanda. Ndiyo maana nati inasogea, inabana."

Fundi Mkuu alikuwa Mkinga wa upande wa Iwawa, jina lake Sanga, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Kwake nilijifunza kwamba hesi ni ule mfereji mwembamba unaojiviringisha kwenye bolti. Magurudumu ya kushoto ya malori yetu yalikuwa na hesi ya kushoto, yaani nati ilikazwa kinyume ili mwendo usiifungue. Nati ikiingia upande, tulisema hesi imeruka. Hata mpishi wetu akigomba asubuhi bila sababu tulisema hesi yake imeruka. Lakini hesi iliyolika mpaka nati ikazunguka bila kubana, hiyo tuliita imekufa. Hapo hatukutania.

Tulikuwa na desturi moja: aliyekaza gurudumu husafiri na lori safari ya kwanza, amekaa juu ya gurudumu hilohilo. Hakuna aliyelipua kazi.

Masika moja barabara ya Ludewa ilikatika, na vibarua waliokuwa wakiitengeneza wakaishiwa unga. Lori la kuwapelekea lilikuwa mikononi mwangu. Gurudumu la nyuma kushoto, nati mbili zilizunguka tu. Nilimwambia Bwana Injinia, mkubwa wetu Mwingereza, kwamba hesi zimekufa na tusubiri vyuma vipya kutoka Iringa.

"Nyingine zinashika," alijibu. "Watu wana njaa. Gari iende leo."

Niliweka spana chini. Nilikuwa nimeoa juzijuzi, na niliogopa kufa. Fundi Mkuu alinitazama, kisha akaiokota.

"Nyote wawili mna haki," alisema taratibu. "Nitakaza mimi."

Alikaza, akapanda juu ya magunia. Walipofika kwenye mteremko mkali aliwaamuru vibarua wa kupakua waliodandia lori washuke watembee, yeye akabaki palepale akisikiliza gurudumu. Dereva alitueleza kuwa alimsikia akigonga bodi, ishara ya kusimama, lakini gurudumu lilikuwa limekwisha kuchomoka. Lori lililalia kushoto. Dereva alitoka mzima. Fundi Mkuu tulimzika kwao Iwawa, kwenye baridi ya milimani, na kila aliyesimama kusema alilitaja neno hilohilo, hesi.

Baadaye nilihamishiwa Makambako, nami nikawa fundi mkuu chini ya mainjinia kadhaa. Gari lenye hesi iliyokufa halikutoka mlangoni kwangu. Mmoja wa wakubwa hao aliniita mkaidi mbele ya watu. Hata hivyo gari lilibaki. Vijana wa leo husema thredi badala ya hesi, wala sina ugomvi nao. Waiite wanavyotaka, mradi waiogope.

Nilipostaafu nilikwenda kumwona mjane wa Fundi Mkuu. Nilimkuta akichimba viazi. Nilimsimulia yote, hata namna mumewe alivyoiokota spana niliyoiweka chini.

"Mwanangu, pale msibani wote walisema hesi ndiyo iliyomuua," alisema. "Mimi hesi sijawahi kuiona. Niliona haya kuuliza."

Baiskeli ya mjukuu wake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilifungua bolti ya kiti, nikamwekea kiganjani. Aliifuta udongo wa vidole vyake, akapitisha ukucha kwenye mfereji ule, polepole, mpaka mwisho.

"Ni hii tu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Ni hii tu."

Tukalia wote wawili, pale pale kwenye matuta ya viazi.