Baba wa Lori, Mjomba wa Baiskeli

Nyumba yetu ya Kibiti ilikuwa na harufu mbili, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya dizeli, iliyong'ang'ania kola na viganja vya baba hata akioga kwa sabuni ya mche na kujisugua kwa dodoki. Ya pili ilikuwa ya samaki wa ng'onda na kamba wakavu, ambayo mjomba Omari, mdogo wake mama, aliileta kutoka Nyamisati juu ya keria ya baiskeli yake. Mama alikuwa akisema kwamba hata akifumba macho anajua nani kaingia uani. Bibi, mzaa mama, aliyekaa kwenye kibanda cha nyuma na ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinusa tu, akakunja uso, akarudi kusuka ukili wake. Mimi nilizipenda harufu zote mbili. Zilimaanisha kwamba wote wawili wamerudi salama.

Masika ninayoyakumbuka yalikuwa mabaya kuliko yote. Wakati ule barabara kuu iendayo Lindi haikuwa na lami. Mvua ikinyesha, pembeni paligeuka uji mtupu, na katikati ukabaki mgongo mmoja mgumu wa kifusi. Mgongo huo ndio kila mtu aliutaka. Baba aliendesha lori la tajiri mmoja, akichukua magogo kutoka upande wa Mkongo kupeleka Dar es Salaam. Mjomba alitoka Nyamisati na matenga mawili ya samaki, akaingia barabara kuu pale Bungu, na kutoka hapo mpaka Kibiti, alikouza samaki na kulala kwetu, alikuwa akishindania mgongo ule na malori. Wakikaa kwenye sinia la wali jioni, walibishana. Baba alisema lori lenye magogo huwezi kulikanyagia breki kwenye tope, litalala. Mjomba alisema baiskeli yenye matenga ukiitosa kwenye uji huo huitoi tena peke yako, na samaki wakilowa umekwisha. Wote walisema kweli, ndiyo maana ubishi haukuisha. Mama alikuwa akiwaongezea mchuzi ili midomo ipate kazi nyingine. "Mwenye nguvu mpishe," baba alimaliza kila mara, akicheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa amempisha mwenye nguvu tangu Bungu.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imepumzika. Nilikuwa kibarazani nachambua mchele nilipoliona lori la baba linarudi, na magogo bado juu, wakati tulijua liko njiani kwenda Dar. Baba alishuka bila viatu, suruali imejaa tope mpaka mapajani. Alisimama mbele ya mama kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza alichotumwa. "Nimemwangusha mdogo wako," alisema. "Yu hai. Nimemwacha Mchukwi, hospitali. Mguu umevunjika." Mama hakupiga kelele. Aliingia ndani kuchukua kanga ya pili na chupa ya chai, akapanda ndani ya lile lile lori lililomwangusha mdogo wake, kwa sababu usafiri mwingine haukuwepo.

Mjomba alirudi nyumbani na plasta kutoka kwenye unyayo mpaka juu ya goti, akalazwa chumba cha mbele. Hapo nyumba ikapoteza sauti. Baba alikuwa akiingia na kutoka kwa kunyata, akileta machungwa, akileta vitumbua vya barabarani, akiviweka kwenye kigoda bila neno. Mjomba aligeukia ukutani. Walikaa hivyo muda mrefu, mpaka asubuhi moja nilipopeleka uji nikawakuta wanazungumza.

"Shemeji, nilipiga honi," baba alisema.

"Niliisikia. Nikaijua kuwa ni yako. Nikajua basi leo nitapishwa."

"Lori halipishi, Omari."

"Lori halipishi," mjomba alisema. "Dereva ndiye anayepisha."

Baba alichukua bakuli la uji mkononi mwangu, akamnywesha yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na mjomba akanywa. Huo ndio ulikuwa msamaha wao. Sijawahi kuusikia mwingine.

Mguu ulipona lakini ulipinda. Mjomba aliweza kutembea kwa kuchechemea, ila kukanyaga pedeli na mzigo nyuma hakuweza tena. Kwa nyumba yetu hilo lilikuwa jambo zito, maana mjomba alikuwa na mke na watoto kule Bungu, na mwanamume aliyezoea kutoka alfajiri akikalishwa barazani huanza kuoza. Baba alikwenda kwa tajiri wake, akaomba, akaomba tena, mpaka mjomba akapewa kazi ya utingo, kumsaidia dereva, kwenye lori lile lile. Mama alifurahi, akapika pilau. Harufu ya ng'onda ikatoka nyumbani kidogo kidogo, nasi tukawa na watu wawili wanaonuka dizeli.

Likizo ilipofika baba alinichukua nikamsalimu mke wa mjomba. Nilikaa katikati yao kwenye kiti cha mbele, juu kabisa, nikiona mapaa ya nyumba kwa upande wa juu kwa mara ya kwanza maishani. Tulipokaribia Bungu tulimkuta mtu wa makamo anatweta juu ya baiskeli, amefunga nazi nyuma mpaka kichwa chake hakionekani vizuri. Baba alipiga honi. Yule mtu aliyumba, hakutoka. Hapo mjomba Omari alitoa kiwiliwili chote nje ya dirisha, akapiga bati la mlango kwa kiganja. "We mzee! Hii barabara kakununulia nani? Toka! Toka huko!" Yule mtu alitoka. Gurudumu la mbele lilizama kwenye uji, kamba ikakatika, na nazi zikaanza kubingirika mtaroni. Mjomba alirudi kukaa akicheka kile kicheko cha matingo, akijipangusa povu la mdomo. Baba alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

Nilimsimulia bibi kila kitu, kama mtoto anavyosimulia safari: mapaa, nazi, kicheko. Bibi aliacha kusuka. Kesho yake alasiri aliwaita wote wawili nyuma ya kibanda. Baba, kwa heshima ya mkwe, alikaa mbali kidogo, upande wa kuku, macho chini. Mjomba alikaa karibu na mama yake, amenyoosha mguu wake mbovu. Bibi alikuwa akimenya mihogo, nami nikiwa ubavuni pake, na hakuacha kumenya.

"Mimi nilizaliwa milimani, Umatumbi," alisema. "Vita vya Maji Maji vilinikuta mtoto, kama huyu. Kabla ya vita, Mdachi alikuwa akipita kwetu juu ya machela, kabebwa na watu mabegani. Mbele yake anakwenda mtu anayepiga kelele, Njia! Njia! Ukisikia hivyo unaingia majanini na mzigo wako, ukae huko mpaka wapite. Kaka yangu Mpili alikuwa na gunia la pamba kichwani, pamba yao wenyewe waliyotulazimisha kulima. Akachelewa kutoka. Walimchapa viboko pale pale njiani. Mgongo wake nimeuosha mimi."

Alitupa maganda kwa kuku.

"Ikaja dawa ya maji, watu wakainywa, Mpili naye. Wakapigana. Waliokufa wakafa. Wadachi wakachoma nyumba, wakachoma na vihenge vya chakula, na njaa ikatuua kuliko bunduki. Tulikula ming'oko ya porini mpaka nayo ikaadimika. Mpili akaondoka, hatukujua kaenda wapi. Siku moja mimi na mama tuko njiani na majani yetu ya kuchemsha, tukasikia, Njia! Njia! Mama akasimama. Akasema, hiyo ni sauti ya mwanangu. Na ilikuwa yeye, yuko mbele ya machela, ana fimbo. Alimsukuma mama yetu kwa fimbo ile, mama akaingia majanini. Hakututazama. Walipokwisha kupita mimi nililia. Mama akaniambia, mwache, ana njaa."

Bibi alimgeukia mwanawe.

"Mpili alikuwa na njaa, Omari. Wewe una nini?"

Baba ndiye aliyeinuka kwanza, akaaga kwa sauti ndogo, akaenda kulikagua lori ambalo halikuwa na haja ya kukaguliwa.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mjomba alibadilika. Alinyamaza kwa muda, hilo ni kweli. Baba alisema alikuwa hata akimwambia, "Punguza, shemeji, kuna baiskeli." Lakini masika mengine yalipokuja, tajiri akidai magogo yafike, kelele zilirudi, pengine kwa sauti ya chini kidogo. Baadaye alipata leseni, akaendesha malori mpaka macho yake yakazeeka. Nilimuuliza bibi kama hasikitiki kwamba maneno yake yalipotea. Alisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayefufuka huisahau upesi. Kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano.

Sasa wote watatu, baba, mjomba na bibi, wamelala makaburini, nami nimefika umri aliokuwa nao bibi. Barabara ina lami. Basi linamkemea bodaboda, bodaboda anaikemea baiskeli, na baiskeli inanikemea mimi na kikapu changu cha sokoni. Baiskeli ni zile zile, zimepakia mkaa badala ya samaki, na lami iliyobaki kwa ajili yao ni nyembamba kama ule mgongo wa kifusi wa zamani. Sisemi zamani kulikuwa na huruma zaidi; nimekwisha kusimulia nilichokiona. Ila zamani aliyekutupa mtaroni ulimjua. Ungeweza kumnunia, kumgeukia ukuta, mpaka akuletee uji.

Juzi, karibu na stendi, gari dogo lilimkwaruza kijana wa mkaa, akaenda chini na gunia lake. Gari halikusimama. Nilimfuata, nikamshika mkono akainuka, magoti yamechunika.

"Bibi, umeisoma namba?" aliniuliza.

Sikuwahi kuisoma. Nilimwambia nilichokiona, kwamba gari lilikuwa jeupe.

Alitazama barabara, magari yakipita moja baada ya jingine kuelekea Ikwiriri.

"Yote meupe, bibi," alisema, akaanza kukusanya mkaa wake.