Vidonge Visivyo na Mstari

Mume wangu hakuwa mlevi. Naliweka hilo juu kabisa, ili asiye na subira ya kusoma yanayofuata aondoke nalo. Katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona ameshika glasi ya pombe, hata harusini, hata palipokuwa na ya bure. Waliosema kwenye msiba wake kwamba "chupa imemmaliza" walikula chakula changu na kunawa kwa maji yangu. Kuta za nyumba yetu ni nyembamba na masikio yangu ni mazima.

Alikuwa kinyozi. Najua walikuwapo walioshangaa mwalimu wa sekondari kuolewa na kinyozi, na wengine walikuwa jamaa zangu. Baba yangu aliuliza, "Huyu naye amesoma nini?" Nikamjibu kwamba anasoma vichwa vya watu. Hakucheka. Lakini haukupita muda akaenda kunyolewa kwake, na hakubadilisha kinyozi tena mpaka alipofariki.

Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, kwa sababu hakuamini mwanga wa taa. Mwenye saluni tulimwita Kipara. Kichwa chake kilikuwa kitupu kama yai, na wateja hawakuchoka kumwambia kwamba saluni yake ni kama nyoka kufungua duka la viatu. Mashine kila mtu pale aliijua. Wembe, wa kuchonga panja na kusafisha shingo, ulikuwa wa mume wangu. Watu walimngojea yeye hata viti vingine vikiwa wazi.

Kifafa alikuwa nacho tangu ujana. Alinieleza mwenyewe kabla ya posa, tukiwa tumekaa kwenye benchi, bila kunishika mkono, ili niweze kuondoka nikitaka. Sikuondoka. Hatukukitangaza mtaani, na mpaka leo sioni kwa nini tungekitangaza. Mwenye kisukari hapigi mbiu.

Kilikuwa kimelala. Daktari alimwandikia kidonge kimoja na nusu asubuhi, kimoja na nusu jioni. Vilikuwa vyeupe, vya duara, vyenye mstari katikati. Alivikata mezani kwa wembe mpya, nusu kwa nusu sawasawa, kisha akanisogezea. "Mwalimu, sahihisha." Nami nachora alama ya vema hewani kwa kidole. Huo ndio uliokuwa utani wetu wa asubuhi.

Kisha hospitali ikampa bahasha yenye vidonge vya rangi ya chungwa, vya ganda la kung'aa, bila mstari. Akauliza kwenye dirisha la dawa.

"Dawa ni ileile, baba. Kampuni iliyokuwa ikituletea haileti tena, imekuja nyingine. Wewe meza kama ulivyozoea."

Alivyozoea ni kimoja na nusu, kwa hiyo akakata. Ganda liliruka pembeni kama kucha.

"Hiki kikaidi," alisema. "Lakini nimeshanyoa vichwa vigumu kuliko hiki."

Haukupita muda mrefu akaanza kuyumba. Alimeza, akanywa chai, akatoka. Akifika saluni sakafu inamkimbia. Ulimi ulikuwa mzito. Vitu aliviona viwiliviwili. Mzee wa Posta, mteja wake wa masharubu aliyestaafu kazi ya kugawa barua, ndiye aliyenisimulia yaliyotokea siku moja pale saluni.

"Fundi," alimwambia mume wangu akijitazama kwenye kioo, "upande mmoja wa masharubu yangu uko kazini, upande mwingine umekwenda likizo."

"Nisamehe, mzee. Leo nakuona wawili."

"Basi si ungemharibu yule mwingine!"

Watu wakaangua kicheko. Kipara hakucheka. Alimsogelea mume wangu akamnusa mdomo mbele ya wateja.

"Sisikii harufu," alisema. "Lakini siku hizi kuna pombe zisizonuka."

Neno hilo lilifika nyumbani kabla yake. Alipopita akiyumba, mwenye duka la jirani alisema kwa sauti ili nisikie, "Kinyozi leo kajinyoa akili." Na Kipara akamwambia apumzike kwanza. Kiti cha dirishani kikafunikwa taulo.

Nilikwenda naye hospitali. Daktari alikuwa mtu wa heshima, sitamsema vibaya. "Mwalimu, jina la dawa ni lile, uzito wake ni ule. Haiwezi kuwa dawa. Labda kazi imemzidi." Nikaomba karatasi ya maelezo inayokuja na dawa. Nikaambiwa makopo hufunguliwa stoo. Wagonjwa hupewa vidonge ndani ya bahasha, na juu ya bahasha huandikwa kiasi cha kumeza, basi. Nimesomesha watoto wa watu tangu nikiwa msichana. Siku ile sikuwa na cha kusoma.

Aliyetufumbua macho ni wifi yangu, dada wa mume wangu, muuguzi katika mji mwingine, alipokuja kututembelea. Alimkuta kaka yake mezani na wembe.

"We kaka! Acha! Hivyo havikatwi!"

"Mbona nimekata maisha yangu yote?"

"Vile vya zamani, ndiyo. Hivi vimetengenezwa kuachia dawa polepole kutwa nzima. Ukikikata, inakuingia kwa mpigo. Ndiyo maana unatembea kama mtoto wa ngamia."

"Nani aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia.

Daktari alisikiliza, akamwandikia vidonge vizima, bila nusu. Mume wangu akasimama wima tena. Nilikwenda mwenyewe kwa Kipara nikamweleza kwamba ilikuwa dawa, sikumtajia ya ugonjwa gani, naye akatoa taulo kwenye kiti. Wa kwanza kukikalia alikuwa Mzee wa Posta.

"Leo niko wangapi?"

"Mmoja, mzee. Na huyo mmoja anatosha."

Ningependa kuishia hapo.

Tulipokwenda kuchukua dawa nyingine, bahasha ilikuwa na vidonge vidogo vyeupe, visivyo na ganda wala mstari. Kampuni nyingine ilikuwa imepata zabuni. Safari hii nilisimama dirishani mimi.

"Hivi ni vya polepole au vya kawaida?"

"Dawa ni ileile, mama."

"Siulizi jina. Nauliza kilivyotengenezwa."

"Mama, foleni."

Nyuma yangu alikuwapo mwanamke mwenye mtoto anayepumua kwa shida. "Dada, tafadhali," aliniambia. Ningemjibu nini? Nikasogea.

Tulitafuta vile vya rangi ya chungwa katika maduka ya dawa. Hakuna aliyekuwa navyo. Nilimpigia wifi simu, akasema hawezi kujua bila kuona kopo; kama ni vya kawaida, kizima kitamwishia mwilini kabla ya muda. Nilirudi hospitali kuomba nioneshwe kopo. Stoo, nikaambiwa, haingii mgonjwa wala mkewe. Basi mume wangu akawa anameza kizima na kungoja. Kuacha ni kuanguka, kumeza ni kubahatisha. Asubuhi alikuwa akiinua kidonge kwenye mwanga kama anayekagua makali ya wembe, na hakuniambia tena nisahihishe.

Alianguka saluni siku ya Jumamosi, watu wamejaa. Mzee wa Posta aliona yote. Anasema mume wangu alihisi kifafa kinakuja. Aliweka wembe rafuni kwanza. Akakizungusha kiti, mteja akatazama upande wa pili. Ndipo akaanguka. Mlevi hafanyi hivyo. Wateja walikimbia na nywele nusu nusu. Hakuna aliyemgusa isipokuwa yule mzee, aliyevua koti akamwekea chini ya kichwa.

Jioni Kipara alikuja kwetu na vitana na wembe vimefungwa ndani ya koti la kazi la mume wangu.

"Mwalimu, mimi sina neno naye. Wateja ndio."

"Na kiti chake?"

"Nimeshaweka mtu."

Mume wangu alikuwa kwenye kochi, anasikia. Alisema, "Mwambie huyo mtu afungue pazia. Taa ya pale inadanganya."

Daktari aliongeza dozi. Aongeze juu ya nini, yeye hakujua, mimi sikujua, na aliyekuwa akimeza hakujua. Mume wangu alikaa nyumbani, akawanyoa wanetu, akaninyoa mimi shingo. Siku moja asubuhi, nikiwa darasani, alianguka bafuni na hapakuwa na mtu wa kumwekea koti chini ya kichwa. Cheti cha kifo kinasema kifafa. Pombe haimo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Anayetaka kuendelea na chupa yake aendelee, lakini asiiseme mbele ya wanangu.

Kuna wanaoniuliza asubuhi ile tuliagana vipi, na nilipofungua mlango wa bafu nilikuta nini. Hayo ni ya nyumba yangu. Siyasemi.